Shajara ya mradi: chili ya maharage bila nyama kwenye sufuria ya umeme ya polepole

Jumamosi, Oktoba 5, 2024: Lengo, vifaa na gharama ya kuanzia

Tunatafuta chili ya maharage, yaani mchuzi mzito wenye pilipili, isiyo na nyama hata kidogo, yenye uzito wa kumshibisha mtu aliyetoka kazini, na inayoweza kuachwa ijipikie tangu asubuhi mpaka jioni bila mtu wa kusimama jikoni. Mlo ni wa watu 10 kila Jumamosi saa 12 jioni, hapa Aurora, Colorado. Mezani huwa kuna Waislamu, Wasabato, na wasiokula nyama kabisa. Sufuria moja ya maharage inawatosha wote bila kuuliza nyama ilichinjwa wapi.

Kwa asili chili ni chakula cha Texas, na kilipoanza kilikuwa cha nyama. Jijini San Antonio wanawake walikiuza viwanjani usiku tangu karne ya 19, na mwaka 1977 bunge la Texas likakitangaza kuwa chakula rasmi cha jimbo. Wenyewe wa Texas wengi hawataki hata kuona punje ya harage ndani yake. Kwa hiyo ukiondoa nyama huna budi kujua ilikuwa inaleta nini kwenye sufuria: uzito, mafuta, na ule utamu wa kina unaobaki kinywani. Vyote vitatu lazima virudishwe kwa njia nyingine. Huo ndio mradi wenyewe.

Sufuria ya polepole yenyewe inahusiana na maharage tangu ilipobuniwa. Irving Naxon wa Chicago alipata hataza yake mwaka 1940. Wazo lake lilitokana na chakula cha Wayahudi kiitwacho cholent, maharage na nafaka vilivyoachwa kwenye tanuri la mwokaji mikate usiku kucha ili Sabato isivunjwe kwa kuwasha moto. Chombo chake kiliuzwa kama jiko la maharage hadi kampuni ya Rival ilipoinunua kampuni yake mwaka 1970 na mwaka uliofuata kukitoa upya kwa jina la Crock-Pot.

Tulivyonunua: sufuria ya umeme ya lita 5.7 yenye bakuli la kauri na mfuniko wa kioo, dola 45. Kipimajoto cha kuchomeka kwenye chakula, dola 14. Kipima umeme cha kuchomeka ukutani, dola 18. Sufuria ina ngazi tatu: moto wa chini, moto wa juu, na kutunza joto.

Jumamosi, Oktoba 12: Sufuria ya kwanza, maharage magumu

Maelekezo tuliyoanza nayo yalisema weka kila kitu mara moja, funika, washa moto wa chini saa 8, kula. Tukafuata. Gramu 450 za pinto (maharage ya kahawia yenye madoa) zilizolowekwa saa 8 kwenye maji matupu, makopo mawili ya nyanya zilizokatwa vipande, vitunguu, hoho, viungo, maji lita moja na nusu.

Baada ya saa 8 mchuzi ulikuwa umeiva, maharage hayakuiva. Tulikata punje moja katikati kwa kisu: ganda limejikunja, sehemu ya nje laini, na katikati kiini cheupe kikavu kama chaki, chenye ukubwa wa punje ya mchele. Ukiitafuna inasagika kama mchanga. Tukaihamishia yote kwenye sufuria ya kawaida juu ya jiko, ikachemka saa 3 zaidi, na bado maharage yalikuwa yanakataa. Hasara: chakula cha dola 13.40, na mlo wa jioni uliokuwa wali na kachumbari.

Sababu zilikuwa tatu, na zilikutana siku moja.

Ya kwanza ni joto. Kipimajoto kilisoma nyuzi 52 za Selsiasi baada ya saa 2, 73 baada ya saa 4, 85 baada ya saa 6, na 90 tu mwisho wa saa 8. Aurora iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 na nusu hivi, si 100. Anayepika Dar es Salaam au Mombasa hana shida hii. Aliyeko Nairobi, Arusha, Bukavu au Kigali anayo kama sisi. Usiongeze moto ukidhani utavuka kiwango hicho: sufuria isiyo ya presha haivuki. Kinachoongezwa ni muda.

Ya pili ni tindikali. Nyanya ina tindikali inayozuia ile gundi inayoshikilia chembe za harage isilegee. Harage likishatiwa nyanya likiwa bado gumu, hubaki gumu hata ulipike mpaka kesho. Waliopika maharage ya nazi wanajua kwamba nyanya na ndimu huingia baadaye. Maelekezo ya sufuria ya polepole yamesahau jambo hilo.

Ya tatu hatukuitarajia. Kopo la nyanya zilizokatwa vipande limeandikwa kwenye viambato kwamba lina kloridi ya kalsiamu, inayowekwa ili vipande visivunjike. Kalsiamu hiyohiyo hukaza maharage pia. Tangu leo tunanunua nyanya nzima au zilizopondwa, tukisoma karatasi ya kopo kwanza.

Onyo kabla ya kuendelea. Tulikuwa tumepanga wiki ijayo tutumie maharage mekundu makubwa, yale yenye umbo la figo, kwa namna hiyohiyo. Msifanye hivyo. Maharage hayo yakiwa mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, ambayo huharibiwa kwa kuchemka kwa nguvu. Sufuria ya polepole haichemki kwa nguvu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaeleza kwamba maharage yaliyopashwa moto hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu zaidi kuliko mabichi, hata mara tano, na kwamba punje nne au tano mbichi zinatosha kumfanya mtu aanze kutapika ndani ya saa 1 hadi 3. Angalieni tena vipimo vyetu: karibu saa 6 nzima sufuria ilikuwa chini ya nyuzi 85. Pinto ina sumu hiyo kwa kiwango kidogo kuliko nyekundu, lakini sisi hatutafautishi tena. Kila harage kavu linalowekwa humu litachemshwa kwanza jikoni kwa dakika 30 kwenye maji mapya, maji ya kuloweka yakiwa yamemwagwa.

Jumamosi, Oktoba 19: Kuloweka, mabakuli matatu

Badala ya kupika sufuria nzima, tuligawa gramu 300 za pinto kwenye mabakuli matatu usiku wa Ijumaa saa 2: moja maji matupu, la pili maji yenye chumvi gramu 15 kwa lita, la tatu maji yenye magadi ya kupikia robo kijiko cha chai kwa lita. Saa 2 asubuhi tukamwaga maji, tukasuuza, tukachemsha kila fungu dakika 30, kisha tukalipika kwenye maji matupu juu ya moto mdogo.

Ya magadi yalilainika kwanza, dakika 50. Lakini maganda yalibambuka na kuelea, na ukionja unakuta ladha ya sabuni kwa mbali. Ya chumvi yalichukua dakika 65, yakawa mazima, ganda laini, ndani krimu. Ya maji matupu yalifika dakika 85 na karibu nusu yao yalikuwa yamepasuka.

Ile imani kwamba chumvi hukaza maharage tumeiweka kando. Chumvi kwenye maji ya kulowekea hubadilishana na kalsiamu na magnesiamu zilizo kwenye ganda, ndiyo maana ganda linalegea. Uamuzi: chumvi gramu 15 kwa lita, saa 12. Magadi yanabaki kwa dharura tu, yaani maharage ya zamani yaliyokaa kabatini mwaka mzima.

Umri wa maharage ni jambo la kuangaliwa dukani. Ganda lililofifia rangi, lenye mikunjo au nyufa nyembamba, ni la zamani. Maharage yaliyohifadhiwa kwenye joto na unyevu huwa hayaivi vizuri hata ufanye nini. Pinto tunazonunua hulimwa kusini magharibi mwa jimbo hilihili, upande wa Dove Creek, na duka lenye wateja wengi wa Kimeksiko halikai nazo muda mrefu. Huko ndiko tunakonunua sasa, dola 1.80 kwa gramu 450.

Mchana huohuo tulijaribu mpangilio mpya kwenye sufuria ya polepole: maharage yaliyochemshwa, vitunguu na maji yanayochemka tu, moto wa juu saa 4 bila nyanya. Kipimajoto kilifika 92. Tulikata punje kumi, zote laini mpaka katikati. Hapo nyanya zikaingia, moto wa chini saa 3. Maharage hayakukaza tena wala hayakupondeka. Kumbe ile tindikali iliyotuharibia wiki iliyopita sasa inatusaidia: harage lililokwisha kulainika, nyanya hulishikilia lisivunjike hadi jioni.

Jumamosi, Oktoba 26: Unga wa pilipili si unga wa pilipili

Kosa hili litawapata Waswahili wengi wanaofuata maelekezo ya Kimarekani, kwa hiyo tunalieleza kwa kirefu. Maelekezo yanaposema vijiko vitatu vya chakula vya "chili powder", hayamaanishi pilipili kali iliyosagwa kama tunayoijua. Ni mchanganyiko: pilipili nyekundu za kavu zisizo kali sana, bizari nyembamba, oregano (majani makavu ya kiungo), kitunguu saumu cha unga, na mara nyingi chumvi. William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa New Braunfels, Texas, ndiye aliyeanza kuuza unga wa namna hii miaka ya 1890.

Sisi tuliweka pilipili kali tupu ya kusaga, vijiko vitatu vya chakula. Hakuna aliyeweza kumaliza sahani. Tuliongeza maji, viazi, sukari. Ukali haukushuka, wingi tu ndio uliongezeka. Kilichookoa ni kuchota nusu ya chili, kuweka kando kwenye friza kama kiungo, na kuchanganya nusu iliyobaki na maharage mapya yaliyopikwa bila pilipili. Mtindi wa maziwa mezani ulisaidia waliokula. Maji ya kunywa hayakusaidia, kwa sababu kinachowasha kwenye pilipili huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji.

Badala ya unga wa dukani sasa tunatumia pilipili kavu nzima, na tofauti yake ni kubwa kuliko mabadiliko mengine yote tuliyofanya. Ancho 4, ambazo ni pilipili za poblano zilizokaushwa, zenye utamu kama wa zabibu kavu. Na guajillo 3, nyembamba, nyekundu, zenye uchachu kidogo. Toa vikonyo na mbegu. Kaanga bila mafuta kwenye kikaango cha moto, sekunde 20 hadi 30 kila upande, mpaka zinukie na kulegea. Hapa ndipo penye hatari: tulipoacha dakika moja na nusu ziligeuka nyeusi, na sufuria nzima ikawa chungu. Zikitoa moshi, zitupe, anza upya. Hasara ni ndogo: pilipili 7 ni dola 2.40, chili nzima ni karibu dola 17. Zikishanukia, ziloweke kwenye maji moto dakika 20, kisha zisage kwenye blenda pamoja na kikombe kimoja cha maji hayo mpaka ziwe rojo laini. Onja maji ya kulowekea kabla ya kuyatumia. Yakiwa machungu, tumia maji safi.

Jumamosi, Novemba 9: Maji mengi, ladha imepooza

Maharage yameiva, pilipili imekaa sawa, lakini chakula bado kilikuwa mchuzi wa maharage, si chili. Ukichota kwa upawa maji yanatangulia.

Sufuria ya polepole haipotezi mvuke. Unaganda chini ya mfuniko, unatiririka kurudi ndani. Vitunguu na hoho navyo vinatoa maji yao. Maelekezo yaliyotungwa kwa ajili ya jiko la kawaida yanahesabu kwamba robo ya maji itaruka, hapa hairuki. Tumepunguza maji kutoka lita moja na nusu hadi lita moja. Kiwango tunachopima kwa jicho: maji yafunike maharage kwa upana wa kidole kimoja, basi.

Kuhusu kupooza, tatizo lilikuwa kutia vitu vibichi. Joto la nyuzi 90 lenye unyevu halikaangi kitu. Kitunguu kinachochemka hakipati rangi. Kwa hiyo dakika 15 za kikaango hazikwepeki. Vitunguu vitatu kwenye mafuta vijiko vitatu vya chakula mpaka viwe kahawia pembeni, dakika 10. Kitunguu saumu punje 6, bizari nyembamba kijiko kimoja na nusu cha chakula, ikiwa nzima kisha ikatwangwa, sekunde 30. Halafu nyanya nzito, kopo dogo la gramu 170, inayokaangwa mpaka rangi yake itoke nyekundu ya moto na kuwa kama tofali, na mafuta yaanze kujitenga. Mpishi wa pilau au wa mchuzi wa nyama anaijua hatua hii, ni ileile.

Ule utamu wa kina wa nyama tuliujaribia vitu vinne kwa wiki mbili. Sosi ya soya vijiko viwili vya chakula: inabaki. Uyoga mkavu wa shiitake uliosagwa: ulifaa, lakini dola 6 kwa pakiti, tukauacha. Unga wa kakao usio na sukari, kijiko kimoja cha chai: unabaki, unaongeza rangi na uchungu mdogo unaoshika pilipili, vijiko viwili vilikuwa vingi na watu wakaanza kuuliza kuna nini ndani. Chipotle mbili za kopo, ambazo ni pilipili za jalapeño zilizoiva, zikakaushwa kwa moshi na kuwekwa kwenye mchuzi wa siki: zinabaki, kwa sababu zinaleta moshi uliokuwa unatoka kwenye nyama ya kuchoma.

Jumamosi, Novemba 16: Uzito. Nyama ya soya au bulga?

Nyama ya soya tuliitia kavu, gramu 120, mwanzoni kabisa. Baada ya saa 7 ilikuwa sponji: ukiitafuna inatoa maji, halafu haina kitu. Mara ya pili tuliiloweka kwenye maji ya sosi ya soya, tukaikamua, tukaikaanga, tukaitia saa ya mwisho. Ikawa nzuri kiasi, lakini kazi ni nyingi kwa matokeo hayo.

Bulga ilishinda. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi wanaifahamu kwa jina hilo, ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa. Gramu 100 zenye chembe kubwa hunywa maji yanayozidi na kuacha chembe zinazotafunika kama nyama ya kusaga. Lakini wakati ndio kila kitu. Tulipoitia pamoja na nyanya, saa 3 kabla, ikawa uji. Tulipoitia dakika 15 kabla, ilikuwa bado inagonga meno. Dakika 40 kwa moto wa juu ndizo. Nyumba yenye mtu asiyekula ngano iruke bulga, itumie sosi ya soya isiyo na ngano, na iponde vikombe viwili vya maharage kwa mwiko, iyarudishe. Uzito unapatikana, utafunaji haupatikani.

Viazi vitamu tulivijaribu mara moja. Viliyeyuka na kuifanya chili iwe tamu. Karoti zinavumilia, zikikatwa vipande vya sentimita moja na kulazwa chini kabisa na pembeni, kwa kuwa moto wa chombo hiki unatoka ubavuni mwa bakuli na mboga ngumu za katikati huchelewa.

Neno kuhusu mfuniko. Kila anayepita jikoni anataka kufunua. Kila kufunua kunarudisha nyuma mpiko kwa dakika 20 au zaidi, maana joto hupanda taratibu mno. Siku tuliyofunua mara tano, tulichelewa kula kwa saa nzima na nusu. Tumebandika karatasi juu ya mfuniko yenye saa tatu tu zinazoruhusiwa: saa 7 mchana, saa 10 na dakika 20 jioni, na saa 11.

Jumamosi, Novemba 23: Bakuli limepasuka

Gharama kubwa kuliko zote. Chili iliyobaki iliwekwa kwenye friji ndani ya bakuli lake la kauri. Kesho yake bakuli likatolewa likiwa baridi kama barafu na kurudishwa moja kwa moja kwenye chombo, moto wa juu. Dakika 12 baadaye ulisikika mlio kama wa kijiti kikivunjika, na ufa ukapita kutoka chini hadi nusu ya ubavu. Chakula chote kilitupwa, kwa sababu huwezi kuhakikisha hakina vigae. Bakuli la badala: dola 25. Chakula: dola 12 hivi.

Kauri haivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto. Makosa yalikuwa mawili, na la pili ni la afya. Bakuli zito lililojaa chakula cha moto huchelewa mno kupoa ndani ya friji, na katikati yake hukaa masaa kwenye joto wanalolipenda bakteria. Sasa chili hugawanywa kwenye vyombo bapa, kina kisizidi sentimita 5, na huingia friji kabla ya saa 2 kupita tangu moto ulipozimwa. Kupasha moto ni kwenye sufuria ya jikoni, mpaka kipimajoto kisome 74. Ngazi ya kutunza joto haipashi chakula baridi; inatunza tu kilicho moto tayari, na tunahakikisha kipimajoto hakishuki chini ya 60.

Jumamosi, Desemba 14: Vipimo tunavyotumia sasa

Wiki ya tatu mfululizo bila kubadilisha kitu. Sufuria ya lita 5.7, watu 10, ikijaa robo tatu, kiwango ambacho hatukivuki.

Maharage makavu gramu 600, yaani pinto 400 na mekundu makubwa 200. Nyanya zilizopondwa kopo moja la gramu 800, lisilo na kalsiamu. Nyanya nzito gramu 170. Vitunguu 3, hoho 2 za rangi yoyote isiyo kijani, karoti 2, kitunguu saumu punje 6. Ancho 4, guajillo 3, chipotle 2. Bizari nyembamba kijiko kimoja na nusu cha chakula, oregano ya Meksiko kijiko kimoja cha chakula, kakao kijiko kimoja cha chai, sosi ya soya vijiko viwili vya chakula. Bulga gramu 100, mahindi ya friza gramu 200, mafuta vijiko vitatu, ndimu moja. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, lakini ionjwe mwishoni kwa kuwa maharage tayari yamekunywa kiasi.

Ijumaa saa 2 usiku loweka kwenye maji ya chumvi, lita 3. Jumamosi saa 2 asubuhi mwaga, suuza, chemsha kwenye maji mapya dakika 30 kwa nguvu, yakibubujika, si kutokota tu. Wakati huo kaanga vitunguu, viungo na nyanya nzito. Vitunguu na viungo hutangulia, nyanya nzito huwekwa kando kwenye bakuli. Chuja maharage. Saa 3 kamili karoti chini, maharage, vitunguu, maji yanayochemka lita 1, moto wa juu. Maji baridi hapa yanakula karibu saa nzima.

Saa 7 mchana bonyeza punje kumi kati ya kidole gumba na cha shahada. Hata moja ikikataa, ongeza dakika 30 na usitie nyanya. Zote zikikubali, tia nyanya za kopo, nyanya nzito iliyokaangwa, rojo la pilipili, hoho, chipotle zilizokatwakatwa, oregano, kakao na sosi ya soya. Moto wa chini. Saa 10 na dakika 20 bulga na mahindi, koroga mpaka chini, moto wa juu. Saa 11 onja chumvi, kamua ndimu, hamisha kwenye kutunza joto. Ndimu isiachwe: saa 4 za moto zinafifisha uchachu wa nyanya, na nusu dakika ya ndimu inaurudisha.

Gharama leo: viambato dola 16.80, umeme yuniti 1.5 kwa kipima umeme, ambayo kwa senti 15 kwa yuniti ni senti 23. Ni dola 1.70 kwa sahani, bila kuhesabu moto wa jikoni wa kuchemshia. Ukitumia maharage ya kopo, makopo 6, unaokoa hatua zote za asubuhi na yameshapikwa, hivyo sumu si tatizo. Gharama inapanda kwa dola 5 hivi na yanapondeka mapema, basi yaingie pamoja na nyanya, si kabla.

Jumamosi, Januari 4, 2025: Friza

Tuligandisha vyombo vinne vya gramu 450 tarehe 14 Desemba na kuvifungua leo. Viwili vyenye bulga vilikuwa vizito kama ugali, kwa sababu ngano iliendelea kunywa. Vilihitaji kikombe kimoja cha maji kila kimoja na ladha ikapungua. Viwili vilivyochotwa kabla ya bulga kuingia vilirudi kama vilivyokuwa, maharage mazima, na pilipili imekolea zaidi kuliko siku ya kwanza. Kuanzia sasa sehemu ya friza inachotwa saa 10 na dakika 15, kabla ya bulga, na bulga inapikwa mpya siku ya kula, dakika 12 kwenye sufuria ndogo.

Ile nusu ya chili kali ya Oktoba 26 bado iko friza. Tumegundua kijiko kimoja cha chakula chake kinatosha kukoleza sahani tatu kwa wanaopenda ukali, kwa hiyo sehemu yake imegawanywa kwenye trei ya barafu, vipande 22, kila kimoja kijiko kimoja.